Ripoti ya mradi wa utafiti huanza kuandikwa wiki ya kwanza

Ripoti yangu ya kwanza ya maendeleo niliiandaa kwa siku nne mfululizo, mradi ukiwa umetimiza mwaka. Kuandika hakukunitesa kama kutafuta. Nilifungua bahasha ya risiti nikakuta nusu yake zimebaki karatasi nyeupe: maandishi ya mashine ya malipo yamefifia, kiasi hakisomeki, tarehe haionekani. Fedha ya umma ilitumika kihalali, lakini sikuwa na cha kuonyesha. Siku hizi kila risiti naipiga picha siku ileile, na jina la faili naliandika kwa tarehe na kifungu cha bajeti.

Pia kila Ijumaa huandika mistari mitano au sita: tumefanya nini, kimekwama nini, tumeamua nini na kwa nini. Hiyo “kwa nini” ndiyo husahaulika upesi zaidi. Miezi kumi baadaye utakumbuka kwamba mlibadilisha dodoso, ila sababu itakuwa imekutoka.

Mkataba usome mapema, maana wafadhili hawafanani. NSF, taasisi ya serikali ya Marekani inayofadhili utafiti wa sayansi, hutaka ripoti ya mwaka angalau siku 90 kabla ya kipindi cha bajeti kwisha. Miradi ya Horizon Europe, programu ya Umoja wa Ulaya ya kufadhili utafiti, hupewa siku 60 baada ya kipindi cha kuripoti kumalizika. Aliyezoea utaratibu mmoja asidhani wa pili ni uleule.

Sehemu inayotisha wengi ni ile ya mambo yaliyokwenda kinyume na mpango. Mwaka mmoja friji yetu ilizimika mwishoni mwa wiki, nami nikaandika tu kwamba “baadhi ya sampuli hazikufaa kwa uchambuzi”. Afisa wa mradi akanirudishia na maswali: ngapi, lini, na mtafidiaje? Nikaandika upya bila kuzungukazunguka: sampuli 62 kati ya 310 zimeharibika, swali la pili la utafiti litajibiwa kwa data pungufu, na tunaomba miezi miwili ya kukusanya nyingine. Tulikubaliwa. Wanaosoma ripoti hizi wanajua utafiti hukwama. Kinachowapa shaka ni sentensi inayokwepa.

Ripoti ya mwisho usiiunde kwa kubandika ripoti za kila mwaka. Mimi huanza na malengo yaliyomo kwenye andiko la mradi, moja baada ya jingine, nikieleza lipi limetimia, lipi nusu, lipi halikutimia. Muhtasari wa umma uandikie mlipa kodi ambaye hajui fani yako. NSF huutaka uwe wa maneno 200 hadi 800, na kwangu ndiyo kurasa ngumu kuliko zote.

Kabla ya kutuma, keti na mhasibu, mmoja asome maelezo, mwingine ashike jedwali la fedha. Hapo ndipo tuligundua maelezo yanataja watafiti wasaidizi watatu wakati jedwali linalipa wanne. Wa nne alikuwepo kweli, alifanya kazi miezi miwili akaondoka, na hakuna aliyekumbuka kumwandika. Makala zilizochapishwa nazo zikaguliwe kama zina namba ya ruzuku.

Nyaraka usizifute mradi ukifungwa. Horizon Europe kwa kawaida hutaka zitunzwe miaka 5 baada ya malipo ya mwisho, na kufikia wakati huo aliyezipanga huenda yuko kazi nyingine. Mwachie anayebaki ukurasa mmoja unaoonyesha kila faili ilipo.