Shairi la usasa likikugomea, uliza nani anasema

Sisi tuliolelewa na vina na mizani tuna utaratibu wetu wa mtihani: taja dhamira, eleza muundo, toa mifano, weka kalamu chini. Ukiupeleka kwenye The Waste Land, shairi la T. S. Eliot la mtindo wa usasa, ule uliovunja kanuni za zamani, unakwama mapema. Mistari 434, iliyotoka mwaka 1922, na kabla hujakaa vizuri umeshakutana na Kilatini, Kigiriki, Kijerumani, mpiga ramli mwenye karata na maiti iliyopandwa bustanini.

Nilipolisoma chuoni nilikimbilia maelezo ambayo Eliot aliyaweka mwishoni mwa kitabu. Hayakunifaa kitu. Baadaye nikajua kwamba mwaka 1956 mwenyewe alisema anajuta kuwapoteza watu wengi njia, wakihangaika na karata zile na Kikombe Kitakatifu, kile cha Yesu kinachosakwa katika hadithi za kale za Ulaya. Afadhali angesema mapema!

Kilichonifungua macho ni rasimu yake, iliyochapishwa mwaka 1971. Humo sehemu mbili za mwanzo zina jina jingine, alilolitoa kwenye riwaya ya Charles Dickens, linalomhusu kijana anayesoma habari za polisi gazetini huku akibadilisha sauti. Kumbe kazi ya kwanza ni kusikiliza. Nani anasema hapa? Anamwambia nani? Amenyamaza wapi, mwingine akadakia?

Jaribu mwisho wa sehemu ya pili. Tuko baa, London. Mwanamke anamsengenya Lil: mumewe Albert anatoka jeshini baada ya miaka minne, alimwachia hela za meno ya bandia, na Lil hajaweka. Ana miaka 31 na anaonekana kikongwe. Anasema ni vidonge alivyomeza kutoa mimba. Watoto anao watano tayari, na huyo wa mwisho nusura amuue. Huu ni umbea mtupu, hauhitaji kamusi. Mara tano mwenye baa anaukatiza, kwa herufi kubwa, akiwahimiza wateja kwamba muda umekwisha. Ukisoma kwa sauti utasikia mwito ule ukiacha kuwa wa kufunga baa tu. Halafu watu wanaagana, Bill, Lou, May, na ghafla kwaheri ya mwisho ni maneno ya Ophelia katika Hamlet, tamthilia ya Shakespeare, binti ambaye muda si mrefu atakufa maji.

Swali la insha hilo hapo: kwa nini kwaheri ya walevi inaishia kinywani mwa Ophelia? Kurasa tano zinajaa, na hujagusa Kikombe Kitakatifu.

Sentensi ya kuogopa ni ile tunayoiandika wote: "Shairi linaonyesha uozo wa Ulaya baada ya Vita Kuu ya Kwanza." Si uongo, ila haikudai usome hata mstari mmoja. Mhadhiri wangu alikuwa akiichorea mstari mwekundu na kuandika pembeni: "Wapi?" Basi anza na wapi. Chagua kipande kifupi, nakili mistari, sema ulichosikia, ndipo upande kwenye vita na jamii kama kipande chenyewe kinakupeleka huko.

Maelezo ya mwishoni yasome baada ya kusikia sauti, na rekodi ya Eliot akilisoma mwenyewe ipo, itafute. Kuna vipande vya sehemu ya tano ambavyo hadi leo vinanipiga chenga. Kwenye insha nilitaja mstari, nikaeleza unanikatalia wapi, na maksi hazikupungua.