Jiko la kuni linalojaza nyumba moshi

Ndugu, umeuliza kwa nini jiko lako la kuni linafukiza nyumba nzima na kumaliza kuni upesi. Kabla hujalilaumu jiko, chukua vipande viwili vya kuni uvigonganishe. Vikilia ta! ta! na ncha zake zina nyufa, vimekauka. Vikitoa mlio mzito, bado vina maji, na moto unapoteza nguvu kuyachemsha hayo badala ya chungu chako. Kuni nzuri zina unyevu chini ya asilimia 20. Zipasue, zipange zisiguse ardhi, uzifunike juu tu ili upepo upite pembeni.

Moshi huo ni kuni ambazo hazikuungua vizuri, kwa hiyo usibane hewa. Tia vipande vyembamba viwili vitatu, uvisogeze ndani kadiri vinavyoungua, na uzoe majivu yanayoziba njia ya hewa. Mbao zenye rangi na plastiki usichome kabisa, moshi wake ni sumu.

Na nakuomba sana, usilale na makaa yanayowaka kwenye chumba kilichofungwa. Gesi ya kaboni monoksidi haina harufu, nayo inaua.