Nikipasuliwa mgongo ndo nitapooza?

SWALI: Shikamoo dokta. Nina miaka 43, nauza ndizi soko la Mbuyuni hapa Moshi. Wiki ya 9 sasa maumivu yanatoka kiunoni yanashuka mguu wa kushoto mpaka kidole gumba, nikikohoa tu machozi yananitoka. Kipimo cha MRI kimeonyesha diski, ile pedi ya kati ya pingili za kiuno L4 na L5, imetoka inabana mshipa wa fahamu, wanataka wanifanyie oparesheni. Mashemeji wanasema nikikubali ndo basi tena, nitapooza. Halafu siku hizi kandambili ya kushoto inavuka natembea wala sina habari, mpaka mtu anishtue. Nifanyeje?
Mama wa ndizi, Moshi

JIBU: Marahaba mama, pole sana. Mimi nimeshtushwa na hiyo kandambili kuliko maumivu. Maumivu ya diski hata yawe makali vipi, wengi wanapata nafuu ndani ya wiki 6 mpaka 12, kile kipande kilichotoka mwili unakinyonya taratibu, kwa hiyo ingekuwa maumivu peke yake ningekwambia subiri kidogo, meza dawa, fanya mazoezi ya fiziotherapi na mikungu wabebe vijana. Ila kandambili kuvuka hujui, hapo mshipa wenyewe unachoka. Hebu jaribu kutembea kwa visigino sasa hivi, unyayo wa kushoto ukigoma kuinuka rudi kwa daktari wako kesho, usingoje klinik, maana mshipa uliobanwa sana unaweza usirudi sawa hata ukipasuliwa.

Kupooza sasa. Hatari ipo sikufichi, ila ni ndogo sana, kwa sababu uti wa fahamu wenyewe unaishia huko juu karibu na L1, pingili ya kwanza ya kiuno, pale L4 na L5 inapita mishipa tu. Kinachotokea zaidi ni kidonda kuingia wadudu, au utando unaofunika mishipa kutoboka maji yakavuja, au diski ileile kutoka tena baadaye. Na jua mapema kwamba oparesheni hii inasaidia mguu kuliko kiuno, kiuno kinaweza kikaendelea kuuma, muulize daktari mpasuaji hilo kabla hujasaini, na umuulize pia mguu utakuwaje usipopasuliwa. Nenda na shemeji mmoja asikie mwenyewe.

Mkojo ukigoma kutoka au ukitoka bila kujua, au ukipata ganzi sehemu za siri, hiyo ni hospitali ya KCMC usiku huohuo mama, usisubiri kukuche.