Nyumba mia nne juu ya barabara moja

SWALI: Mhariri, salaam. Familia yetu imepanga nyumba katika Kaunti ya San Diego, California, mwishoni mwa barabara inayopanda mlima wa vichaka. Mwekezaji anaomba kibali cha kujenga nyumba 400 juu yetu, na magari yote yatashukia barabara hiyo hiyo. Tukiulizia moto, tunajibiwa kwamba nyumba mpya hazishiki moto kwa urahisi. Je, jibu hilo linatosha? Na sisi wapangaji, tena tusio raia, tunaruhusiwa kusema lolote?
Msomaji, San Diego

JIBU: Hamkudanganywa, ila mmejibiwa swali ambalo hamkuuliza. Tangu mwaka 2008 kanuni za ujenzi za California zinataka nyumba mpya katika maeneo ya hatari ziwe na paa lisiloshika moto na matundu ya hewa yanayozuia cheche. Kanuni hizo zina faida ya kweli, kwa kuwa nyumba nyingi huunguzwa na cheche zinazopeperushwa na upepo, zikatua kwenye majani makavu ya mfereji wa paa au kwenye uzio wa mbao uliogusana na ukuta. Paa hilo, hata hivyo, halimtoi mtu kwenye foleni ya magari.

Tarehe 8 Novemba 2018 mji wa Paradise, huko huko California, uliojengwa mgongoni mwa kilima chenye barabara chache za kushukia, uliteketea kwa saa chache tu; moto huo uliua watu 85, na baadhi yao walikutwa ndani ya magari yao. Januari 2025, huko Pacific Palisades, mtaa wa jiji la Los Angeles, madereva waliokwama waliacha magari wakakimbia kwa miguu, hata ikabidi tingatinga liyasukume kando ili zimamoto wapite.

Kusema mnaruhusiwa, awe mpangaji au mwenye nyumba, raia au mgeni. Mradi mkubwa kama huo kwa kawaida hufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira, na rasimu ya ripoti yake huwekwa wazi, mara nyingi kwa siku 45, ili watu watoe maoni. Andikeni, msiishie kulalamika barazani: kaunti inawajibika kujibu kwa maandishi hoja za msingi mtakazotoa, na hoja isiyoingia kwenye kumbukumbu kabla ya uamuzi ni vigumu kuifufua mahakamani. Mwaka 2022 mahakama ya Kaunti ya Lake ilitengua idhini ya Guenoc Valley, mradi wa hoteli na nyumba za kifahari, kwa sababu ripoti haikuchambua ipasavyo jinsi wakazi wapya wangeathiri uhamaji wa wenyeji wakati wa moto. Hilo ndilo shauri lenu hasa.

Mimi si katika wanaopinga kila jengo, maana kodi za nyumba huko zinaumiza. Dai langu ni kwamba njia ya kutokea ipatikane kabla ya msingi kuchimbwa. Ulizeni kuhama kutachukua dakika ngapi upepo mkali na mkavu wa Santa Ana ukivuma, wenyeji nao wakihesabiwa. Kama njia ya pili ni barabara kweli au ni geti lenye kufuli. Na nani atafyeka vichaka mwekezaji akishauza nyumba ya mwisho. Ambatanisheni picha ya barabara yenu ilivyo saa ambayo watoto wanatoka shule.