Salio la mwaka jana limebadilika, nani kaligusa?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni muuguzi, naishi Morogoro. Tangu Januari 2024 naandika hesabu za nyumbani kwenye programu ya GnuCash, ambayo shemeji yangu aliniwekea kwenye kompyuta: mshahara, kodi za wapangaji wawili, chakula, umeme, ada, kila kitu. Mwaka ulipoisha nililinganisha na taarifa ya benki. Salio la Desemba 31, 2024 lilikuwa shilingi 3,460,000 huku na huku, nikaliandika kwenye shajara. Juzi nimefungua nikitafuta malipo ya fundi bomba, nakuta programu inasema siku ileile nilikuwa na 5,260,000! Sijaandika chochote kwenye mwaka ule tangu nilipoufunga. Mwaka huu nimesafisha tu orodha ya akaunti nisizozitumia tena, maana kijana wangu alimaliza kidato cha nne Novemba 2024. Shemeji huitumia hiyo kompyuta akija, na nimeanza kumshuku. Mume wangu anasema nirudi kwenye daftari. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Shemeji mwache kwanza. Usimuulize, usimnunie, hata kwa mume wako usilitaje jina lake mpaka tumalize kuliangalia jambo hili. Nimeona nyumba zikiingia baridi kwa tofauti ya hesabu ambayo baadaye ilipatikana kwenye karatasi moja, na yale maneno yaliyokwisha kusemwa hayakufutika.

Tazama tofauti yenyewe: 5,260,000 ukitoa 3,460,000 unapata 1,800,000, namba kamili isiyo na senti wala mia. Tena salio limepanda, halikushuka. Kwa hiyo yaliyopotea kwenye kumbukumbu zako ni malipo, si mapato. Mtu akifuta kodi ya mpangaji, salio la benki kwenye programu hupungua. Ukifuta fedha uliyolipa, linapanda, kwa sababu programu inaona kama hukuilipa kamwe. Sasa kachukue risiti za shule za 2024. Kama ada uliyolipa kupitia benki mwaka ule inafika 1,800,000, aliyegusa hesabu ni wewe, siku ile uliposafisha akaunti.

Kwenye GnuCash kila muamala una pande mbili. Ulipolipa ada, upande mmoja uliandikwa akaunti ya benki na wa pili akaunti uliyoiita Ada. Ukiifuta akaunti yenye miamala ndani yake, programu inakuuliza: nihamishie miamala hii akaunti nyingine, au niifute? Ukichagua kuifuta, inafutwa mizima, pande zote mbili. Haibakizi upande wa benki ati kwa sababu uliwahi kuulinganisha na taarifa. Kijana kamaliza shule, ukaona akaunti ya ada haina kazi, ukaiondoa, na malipo ya mwaka mzima yakaondoka nayo. Programu haikukosea hapo, ilitii. Nawasihi wote mnaotumia programu za namna hii: akaunti yenye historia haifutwi. Inafichwa. Fungua sehemu ya kuhariri akaunti, utakuta kisanduku kilichoandikwa “Hidden”. Kitie alama, akaunti itaondoka kwenye orodha ya kila siku na miamala yake itabaki salama. Kando yake kuna kingine, “Placeholder”, ambacho kinazuia kuandika miamala mipya kwenye akaunti hiyo. Akaunti ya benki uliyokwisha kuifunga, au mkopo uliokwisha kuulipa, utie alama zote mbili.

Ikiwa risiti za shule hazifiki kiasi hicho, usikate tamaa, tofauti inatafutika. Chukua taarifa ya benki ya 2024, fungua akaunti ya benki kwenye programu, utaona safu ya salio linalokwenda mstari kwa mstari. Usianzie Januari. Anzia mwisho wa Juni. Kama salio la Juni 30 linaoana na la benki, kosa liko nusu ya pili ya mwaka, nenda Septemba. Kama halioani, rudi Machi. Kwa kugawa hivyo utaufikia mwezi wenye kasoro kabla chai haijapoa, kisha ndani ya mwezi huo soma siku kwa siku. Anayesoma mwaka mzima mstari kwa mstari huchoka, na jicho lililochoka linapita juu ya kosa bila kuliona.

Kurudisha sasa. Kabla hujagusa kitu, nakili faili lako kama lilivyo leo, lipe jina lenye tarehe, liweke kando. Kisha tazama folda linamokaa. Kila unapohifadhi, GnuCash huacha nakala ya faili lilivyokuwa kabla, jina likiwa na mfululizo wa tarakimu: mwaka, mwezi, siku, saa, dakika na sekunde. Ukiipata nakala ya kabla ya siku uliyosafisha, ifungue uone kama salio la Desemba 31 ni lile la kwenye shajara. Lakini nakala hizo, kwa mpangilio wa kawaida, hufutwa baada ya siku 30. Kwa hiyo kama ulisafisha miezi kadhaa iliyopita huenda zimekwisha. Ndiyo maana nasema, ingia leo kwenye menyu ya “Edit”, kisha “Preferences”, sehemu ya “General”, utafute panapohusu kutunza nakala na faili za kumbukumbu, uchague zitunzwe daima. Faili la hesabu za nyumba moja ni dogo, halitajaza kompyuta.

Nakala isipopatikana, tengeneza upya akaunti ya Ada na uandike malipo yale kwa tarehe zake halisi, ukifuata taarifa ya benki na risiti. Najua wengine mtasema: mama, si wewe unayetukataza kuandika kwenye mwaka uliofungwa? Nakataza, na bado nakataza. Hapa hatubadilishi ukweli wa 2024, tunarudisha kilichokuwepo, na ushahidi tunao: salio likirudi 3,460,000 kamili, tumefika, lisiporudi tunaendelea kutafuta. Jambo tofauti kabisa ni kugundua leo kwamba mwaka jana uliandika mafuta ya kupikia kwenye fungu la dawa. Hilo usirudi nyuma kulifuta. Andika muamala mpya wa tarehe ya leo unaotoa dawa na kuingiza chakula, na kwenye maelezo useme unasahihisha nini. Hivyo atakayesoma anaona kosa na sahihisho lake, na mwaka uliofungwa unabaki kama ulivyokuwa ulipousaini.

Salio likishakaa sawa, ufunge mlango. Kwenye menyu ya “File”, chini ya “Properties”, sehemu ya akaunti, kuna mahali pa kuandika idadi ya siku, ambazo muamala ukizipita haubadiliki tena, unasomeka tu. Wenyewe wanauita mstari mwekundu. Ukiacha sifuri, ulinzi huo haufanyi kazi, na ndivyo programu inavyokuja. Kwa nyumba inayolinganisha na benki kila mwezi, 60 zinatosha. Siku ukiwa na sababu ya kweli ya kurudi nyuma, kama hivi leo, unaweka sifuri, unafanya kazi yako, unarudisha 60 kabla hujafunga.

Halafu yale maonyo. Ukigusa muamala uliokwisha kulinganishwa, wenye herufi “y” kwenye safu ya “R”, programu hukuonya. Chini ya onyo kuna kisanduku cha kuiambia isikuulize tena. Hicho kisanduku kinaniuma. Mtu ana haraka, anakitia alama, na tangu siku hiyo mlinzi wake kalala na hata hakumbuki kuwa yeye ndiye aliyemlaza. Nenda kwenye menyu ya “Actions”, chagua “Reset Warnings”, uyarudishe maonyo yote. Fanya hivyo hata kama huna hakika kwamba uliwahi kuyazima.

Kuhusu shemeji: GnuCash haina neno la siri lake yenyewe. Anayeweza kufungua kompyuta anaweza kufungua hesabu zako. Mtengenezee jina lake la kuingilia kwenye Windows, nawe ubaki na lako lenye neno la siri. Hilo ni la heshima kwa wote wawili, kesho salio likipepesuka hakuna atakayemtazama. Na kila mwisho wa mwezi, ukishalinganisha, toa nakala ya faili kwenye flashi, kisha uichomoe. Flashi inayoishi kwenye kompyuta hupatwa na yanayoipata kompyuta. Mimi nina mbili zinazopokezana, na moja siku zote hulala kwa mdogo wangu, nyumba nyingine kabisa.

Mume wako umpe jibu hili: daftari usirudi nalo badala ya programu, kaa nalo pamoja. Kilichokuokoa ni ule mstari mmoja kwenye shajara. Kila mwisho wa mwezi andika kwa wino tarehe na salio la kila akaunti, basi. Na kwa kuwa unapokea kodi za wapangaji, kumbuka Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu za kodi zitunzwe kwa miaka mitano. Risiti zako na taarifa za benki usizitupe kwa kuwa tu zimeshaingia kwenye kompyuta.

SWALI: Mimi ni mweka hazina wa kikoba hapa Mwanza. Hisa zetu tunaziandika kwenye Google Sheets, na wanachama wote wana kiungo cha kuhariri, ili kuwe na uwazi. Wiki iliyopita mmoja alipanga majina kwa alfabeti, majina yakahama, michango ikabaki palepale. Sasa kila mtu ana hisa za mwenzake na gawio liko karibu. Nimeomba kujiuzulu.

JIBU: Usijiuzulu mdogo wangu, michango ya watu haijapotea. Kwenye menyu ya faili kuna historia ya matoleo. Ifungue, rudi kwenye toleo la kabla ya siku ile, hakikisha wanachama watatu au wanne kwa vitabu vyao, kisha ulirejeshe. Yaliyoandikwa baada ya hapo hayafutiki, yanabaki kwenye historia, utayaingiza tena kwa mkono. Lipe toleo hilo jina, na tangu sasa kila baada ya mkutano lipe toleo la siku hiyo jina lenye tarehe.

Uwazi ni kila mtu kuona. Kila mtu kuandika ni kitu kingine. Vikundi vingi vya kuweka na kukopa vina sanduku lenye kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Lile sanduku wote wanaliona likikaa katikati ya mkutano, lakini hakuna anayelifungua peke yake. Jedwali lenu lifanyeni vivyo hivyo: wanachama wote wapewe ruhusa ya kutazama, au ya kuacha maoni, na wa kuhariri muwe wawili, wewe na katibu. Miezi iliyokwisha kusomwa mkutanoni na kukubaliwa, ifunge kwa ulinzi wa safu, uliomo kwenye menyu ya data, hata katibu asiweze kuigusa. Ukitaka kujua nani kabadilisha kisanduku fulani, kibofye kwa upande wa kulia wa kipanya uombe historia yake, itakuonyesha jina na saa. Aliyepanga majina msimfedhehe. Alitaka orodha isomeke, na ruhusa mlimpa nyinyi.

SWALI: Asalaam aleikum. Nina duka la vitambaa Mombasa. Faili langu la Excel la wadeni nimelitia neno la siri la kufungulia. Je, linatosha kuzuia mtu asibadilishe deni?

JIBU: Waaleikum salaam. Halitoshi. Neno la siri la kufungulia linamzuia asiyelijua. Kijana wako wa dukani analijua, wewe unalijua, na kidole kinaweza kuteleza kwa yeyote kati yenu. Ongeza ulinzi wa karatasi yenyewe. Kwenye Excel visanduku vyote huja vimewekwa alama ya kufungwa, ila kufuli haishiki mpaka uiwashe kwenye menyu ya “Review”. Kabla ya kuiwasha, ondoa alama hiyo kwenye safu za kuandikia madeni mapya tu. Tambua pia kwamba Microsoft wenyewe wanasema ulinzi huo si wa usalama: unazuia bahati mbaya, haumzuii aliyekusudia. Kwa huyo aliyekusudia, kila deni lipewe karatasi yenye sahihi ya mdeni, nakala moja abaki nayo yeye. Na neno la siri la faili liandike pahali pa kuaminika, kwa sababu ukilisahau Microsoft hawawezi kukurudishia.