Mungu ibariki, haki ya Mungu, maskini ya Mungu

SWALI: Mzee wangu wa safu ya lugha, shikamoo. Ninafundisha Kiswahili katika shule ya msingi hapa Kikuyu, Dodoma. Juzi mwanafunzi wa darasa la sita alinibana: ikiwa tunasema «Mungu anabariki», kwa nini katika wimbo wa taifa tunaimba «Mungu ibariki Afrika»? Nilikosa jibu. Ofisini nako wenzangu wakaongeza yao: mmoja anashikilia kwamba «maskini ya Mungu» ni kosa na isemwe «maskini wa Mungu», mwingine anasema «haki ya Mungu» ya wauzaji sokoni si kiapo tena. Tuamulie.

JIBU: Marahaba, mwalimu. Mwanafunzi huyo amegusa mahali ambapo watu wazima wengi hupita wakiimba bila kutazama. Amekosea jambo moja tu, kudhani kwamba «i» ya «ibariki» ni ya Mungu, kumbe ni ya Afrika. Maneno hayo ni dua, na anayeambiwa ni Mungu mwenyewe, kama mama anavyomwambia binti yake, «Asha, ioshe sahani», wala hakuna anayedhani kwamba hiyo «i» ni Asha. Kitenzi cha Kibantu kingegeuka mwishoni, kikawa «ilinde»; lakini «bariki» kimetoka katika Kiarabu na irabu yake ya mwisho haigeuki, ndiyo maana sura ya ombi haionekani upesi. Mstari unaosema «Wabariki viongozi wake» unaondoa shaka, kwa sababu «wa» hiyo ni ya viongozi. Enoch Sontonga, aliyeutunga huko Afrika Kusini mwaka 1897 wimbo ambao wetu umetokana nao, aliuanza kwa «Nkosi» (yaani «Bwana»), si «inkosi», kwa kuwa katika Kixhosa jina la anayeitwa hudondosha irabu yake ya kwanza. Kwetu kazi hiyo ingefanywa na koma, ambayo mbunge anayefunga hotuba kwa «Mungu ibariki Tanzania» haitamki, lakini ipo.

Hata hivyo, mwanafunzi hakuwaza upuuzi. Wenyeji wetu Wagogo husema Mulungu. Kiswahili kiliimeza «l» hiyo, kama kilivyoimeza katika «mguu», ambao Waganda huuita «okugulu», tukapata Muungu wa tenzi za kale na hatimaye Mungu. Wingi wake ni «miungu», wenye umbo la «miti» na «mito», majina yanayochukua hiyohiyo «i» («miti inaanguka»), ingawa umoja wake hufuata upatanisho wa mtu.

Kuhusu «maskini ya Mungu», ninamkatalia mwenzako. Tunasema «rafiki mwema» lakini «rafiki yangu», na anayesahihisha «ya» ya maskini ajaribu kusema «rafiki wangu» mbele ya wazee aone watakavyomtazama. Tena msemo huu ni sauti ya huruma zaidi kuliko maelezo ya hali ya mtu: tajiri aliyepinduka na gari lake jipya barabara ya Kondoa ataitwa maskini ya Mungu na watu ambao hawajawahi kumiliki hata baiskeli. Anayetumia «wa» kwa kumtaja fukara hasa simgombezi.

«Haki ya Mungu» ndiyo ngumu, maana maneno ni yaleyale na uzito hutofautiana. Mtoto anayesingiziwa wizi, akanyamaza kidogo, kisha akasema, «Haki ya Mungu, sikuchukua», ameapa, na mzazi mwenye busara humsikiliza. Msimu wa zabibu uliopita nilisimama mbele ya mama mmoja katika soko la Majengo, akaniambia, «Haki ya Mungu, baba, kwa elfu nne sipati kitu.» Aliitamka mara tatu na kushusha bei mara mbili, huku mkono ukiendelea kujaza mfuko na macho yakiwa kwa mteja aliyekuwa nyuma yangu. Hapo mwenzako amesema kweli: hicho si kiapo, ni mkazo tu, na wala simhesabii mama yule dhambi. Lakini nilipomuuliza kama zabibu zilikuwa zimepuliziwa dawa karibuni, hakumtaja Mungu kabisa. Aliacha kupima, akashusha sauti, akasema, «Zioshe vizuri, baba.»