Mwalimu, ufungue mlango wa uani

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa kike wa Baiolojia na Kemia, nina miaka 29, natoka magharibi mwa Kenya. Nina miezi minne Pemba, karibu na Wete, katika skuli ya binafsi. Mkataba wangu ni wa miaka miwili. Kabla sijaja nilijiambia sitapata taabu kwa sababu Kiswahili nakijua. Sasa najiona mgeni kuliko mtu asiyejua hata neno moja.

Wiki ya kwanza jirani aliniletea bakuli la muhogo wa nazi. Nikalila, nikaliosha vizuri, nikamrudishia jioni ile ile na kumshukuru sana. Tangu hapo ni salamu za njiani tu. Kila mtu ananiambia 'karibu' lakini hakuna anayekuja. Kulikuwa na wanawake wakinipigia hodi mlango wa nyuma. Naishi peke yangu, nikaogopa, nikautia kufuli. Darasani nikiuliza swali sioni mkono. Siku nilipotoa mfano wa nyanya yangu aliyenilea, walicheka mpaka nikatoka nje nikalia. Wengine hutoweka wiki nzima. Mimi ni Mkristo, sijui kama hilo nalo lina sehemu yake. Paspoti yangu iko kwa uongozi wa skuli tangu nilipofika, naambiwa kibali kinashughulikiwa. Mama anasema nirudi nyumbani. Nifanye nini? – Mwalimu Mgeni."

Marahaba, mwanangu, na pole kwa machozi ya nje ya darasa. Barua yako nimeisoma mara tatu. Nitaanza na paspoti, ingawa wewe umeitaja mwisho, maana mengine yanaweza kungoja na hili haliwezi.

Paspoti ni mali ya serikali iliyoitoa, na aliyekabidhiwa ni wewe. Mwajiri anaweza kuihitaji kwa siku chache ili apeleke maombi. Kuiweka kabatini miezi minne hana haki hiyo. Wenzako wengi kutoka Kenya huja wakidhani kwamba kwa kuwa hawakuombwa viza basi na kazi iko wazi. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki limeanza Julai 2010, lakini halikufuta vibali. Hapa Zanzibar unahitaji viwili: kibali cha kazi, kinachotoka upande wa Kamisheni ya Kazi ya Serikali ya Mapinduzi, na kibali cha ukaazi, kinachotoka Uhamiaji. Kwa kawaida mwajiri ndiye anayevihangaikia, lakini jina lililomo ni lako. Sheria ikibana inawabana nyote wawili, ila anayerudishwa kwao ni wewe.

Kwa hiyo Jumatatu andika barua fupi, ya adabu, uombe vitu viwili: paspoti yako, na nakala ya maombi pamoja na risiti ya malipo. Baki na nakala ya barua hiyo. Kama maombi yamepelekwa kweli, karatasi zipo, na kukuonyesha hakuchukui hata dakika tano. Ukijibiwa maneno matupu, nenda mwenyewe afisi ya Uhamiaji ukaulize, na Ubalozi wenu uko Dar es Salaam, wapigie. Usiende kwa ugomvi, na usiende kwa woga. Hujaiba kitu cha mtu.

Tena kama bado hujafika kwa sheha wa shehia yako, nenda wiki hii. Mwambie jina lako, unakaa nyumba gani, unafundisha wapi. Sheha ndiye anayejua nani anaishi katika shehia yake, na mtu anayejulikana kwake hakosi wa kumsemea likitokea jambo.

Sasa tuje kwenye bakuli, maana naona ndipo palipokuumiza zaidi.

Bakuli halirudi tupu, mwanangu. Hakuna aliyekwambia, na wala si kosa la kukulaumu. Wewe ulilisugua likang'ara, ukamrudishia siku hiyo hiyo, kwenu hiyo ni heshima. Jirani alilipokea akaona umemaliza, umelipa, hutaki usumbufu. Hakukasirika. Alikustahi tu, akakaa mbali. Huku chakula cha kupelekeana si msaada kwa mwenye njaa. Hupelekwa na mtoto, na mtoto akija kwako na bakuli huingia, hukaa kidogo, hukuuliza jina la mama yako, kisha hurudi kwao na habari. Bakuli likirudi na kitu, kesho mtoto atakuja tena. Si lazima kiwe kikubwa. Ndimu tano zinatosha. Chane ya ndizi, au sukari kidogo ndani ya karatasi, inatosha.

Kwa kuwa lake ulishalirudisha, peleka lako. Pika kitu cha kwenu, mahindi na maharage mnavyoyapika nyumbani, utie tui la nazi ukitaka. Mara ya kwanza usipeleke nyama, si kwa ubaya, ila umpe mwenzako chakula asichohitaji kukiuliza. Usiende na zawadi ya dukani iliyofungwa kwenye karatasi ya maua, hiyo itakurudisha palepale kwenye ugeni.

Na usipite mlango wa mbele. Hapa nitakusemesha kwa ukali kidogo, unisamehe. Wale wanawake waliokuwa wakikupigia hodi nyuma ndio majirani uliokuwa ukiwalilia. Mlango wa mbele ni wa wanaume, wa wageni, wa mtu aliyekuja na shughuli rasmi. Mwanamke anayekwenda kwa mwanamke mwenzake hupita uani, akasema hodi, akakukuta unachambua mchele, akakaa kwenye kibao akashika ungo. Wewe walikuja kukuchukulia kama mtu wa nyumbani, wakakuta kufuli. Najua unaishi peke yako na woga wako una maana. Usiku funga, tena funga vizuri. Lakini alasiri ukisharudi skuli, ukishapumzika, fungua mlango wa uani, keti hapo na kazi yako ya kusahihisha madaftari. Uone.

Mimi ni mtoto wa mjini Unguja. Nilipoanza ualimu nilipangiwa Kojani, kile kisiwa kidogo upande wa mashariki wa Pemba, unavuka kwa mashua. Sikuvuka mpaka wa nchi, lakini wiki za mwanzo nilijiona niko mwisho wa dunia. Wakisema haraka nusu ya maneno yananipita. Wananiita "mwalimu" kwa heshima kubwa, wananitolea kiti, na hakuna aliyenituma hata chumvi. Wiki ya tatu ukatokea msiba nyumba ya tatu kutoka kwangu. Nikajitanda mtandio, nikaenda. Wakaniletea kiti mlangoni, peke yangu juu ya kiti, wenzangu wote chini kwenye mikeka. Nikakaa pale kama picha. Bibi mmoja akanitazama muda mrefu, kisha akasukuma sinia la vitunguu kwa mguu wake mpaka karibu na kiti changu, akasema, "Mwalimu, kisu kile pale." Nikashuka mkekani. Nilimenya vitunguu mpaka macho yakavimba, na nilikuwa silii vitunguu peke yake. Kesho yake mtoto wa nyumba ile alikuja kuniazima kibiriti. Nadhani sijawahi kufurahi vile kwa kuazimwa kitu.

Wenyewe tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tatizo lako ni kwamba wewe ni mwalimu, tena umetoka mbali, na watu wanaona haya kukupa jembe. Itabidi ulidai. Ukisikia kuna msiba mtaani, nenda, vaa nguo ndefu, jifunike kichwa, kaa mkekani, tafuta kisu. Hutaulizwa dini yako. Dua zikisomwa nyamaza, inatosha. Harusini fanya vivyo hivyo. Kuhusu baibui, huna haja ya kulivaa ili upendwe. Dera na mtandio ni heshima tosha. Na Ramadhani ikiingia usile wala usinywe mbele za watu mchana, hilo kwetu ni zito. Magharibi ndipo mabakuli yanapotembea nyumba hadi nyumba, nawe uwe umo.

Darasani. Watoto hawakukucheka wewe. Huku mama mzaa mama ni bibi. Nyanya ni ya mchuzi, na hata hiyo ya mchuzi sokoni utasikia ikiitwa tungule. Wao walimuona mwalimu wao kalelewa na tungule, wakashindwa kujizuia. Neno lako ni Kiswahili halali na limo kamusini. Kilichotokea ni kwamba Kiswahili sanifu kiliegemezwa kwenye Kiunguja, lahaja ya mjini Unguja, tangu mkutano wa Mombasa wa 1928, basi watoto wa huku hudhani kila neno wasilolijua limekosewa. Rudi darasani uwaambie: kwetu mama mzaa mama ni nyanya, kwenu anaitwaje, na tungule kwenu ni nini? Waache wakufundishe kipindi kimoja. Mtoto aliyemfundisha mwalimu wake neno haogopi tena kunyoosha mkono.

Ukimya wao nao usiusome kama kiburi. Miaka yao ya mwanzo ya msingi wamesomeshwa kwa Kiswahili, sekondari wanakuta Kiingereza, na mtihani wa kidato cha nne ni ule ule wa Tanzania nzima. Wanajua jibu, hawana maneno ya kulibebea. Mruhusu mtoto ajibu kwa Kiswahili kwanza, kisha mlivushe pamoja hadi Kiingereza. Chukua embe mbichi, ikate mbele yao, itie chumvi, uiache juu ya meza nusu saa. Wote wanajua maji yatatoka, wameshakula embe ya chumvi na pilipili tangu hawajaanza kwenda chuoni, madrasa. Maji yakishatoka, ndipo uwape neno osmosisi. Waulize kwa nini karafuu huchumwa kabla ua halijafunguka. Hapo watakushangaza, wengi wameshapanda mikarafuu kuliko walivyoshika kitabu. Na ukipata usafiri, waombee ruhusa uwapeleke Wawi kwenye kiwanda cha makonyo, vile vikonyo vya karafuu, waone mafuta yanavyotolewa kwa mvuke. Kemia yako yote ya kutonesha iko pale.

Wanaotoweka, msimu ukiwa wa karafuu wamo mashambani na wazee wao, na watoto wa wavuvi huenda dago, kambi za uvuvi, na baba zao. Silipendi jambo hilo, nimepigana nalo miaka. Lakini usimuaibishe mtoto aliyerudi. Nenda kwa mzazi, jioni, kwa mlango unaoujua sasa, mkae mzungumze.

Mama yako mjibu kwa upole kwamba hujaamua bado. Kama mpaka mwisho wa muhula huu paspoti hujaiona na kibali hakina hata risiti, panda boti urudi kwenu, na usione haya mbele ya mtu. Hakuna kazi ya kuifanya kwa kujificha. Kama karatasi zimenyooka, jipe mwaka. Miezi minne ya kufungiwa kufuli haijakuonyesha Pemba.

Bakuli likirudi, niandikie unieleze lilikuwa na nini ndani.

Shangazi